Waya wa Pili Ofisini: Kwa Nini Njia ya Akiba Hufungwa Hadi Ihitajike

Mwananchi wa Kata ya Berega mwenye shida katika makao makuu ya Wilaya hutumia siku yake nzima. Hutoka hadi barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, hupanda gari la kuelekea Dumila, kisha hufuata barabara ya Rudewa mpaka Kilosa mjini. Akifika dirishani akaambiwa kuwa mtandao uko chini, nauli imekwisha kuliwa na kazi iliyomleta haijafanyika. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ambayo nayo hutoka kwenye mfumo. Bila mtandao, mtumishi aliyekaa nyuma ya dirisha hana la kufanya ila kuomba radhi.

Maneno hayo, mtandao uko chini, hubeba mambo matatu tofauti. Huenda umeme umekatika. Huenda njia inayotoka nje ya jengo, yaani ile inayoiunganisha ofisi na mkongo wa mawasiliano, imepata hitilafu. Au huenda kila kitu cha nje ni kizima, lakini nyaya na vifaa vilivyomo ndani ya ofisi zenyewe vimeshindwa kupokezana taarifa. Mambo mawili ya kwanza yanafahamika kwa wengi. La tatu halifahamiki sana, ingawa ndilo pekee ambalo kwa kiasi kikubwa limo mikononi mwa ofisi yenyewe, na ndilo linaloelezwa hapa.

Ndani ya ofisi yoyote yenye kompyuta zaidi ya chache, nyaya hukutana kwenye kifaa kiitwacho swichi. Ni kasha jembamba lenye matundu mengi ya kuchomekea nyaya na taa ndogo zinazomweka. Chukulia ofisi yenye majengo matatu: Utawala, Fedha na Ardhi. Kila jengo lina swichi yake. Njia ya nje inaingilia Utawala, kisha waya mmoja unatoka Utawala kwenda Fedha na mwingine kutoka Utawala kwenda Ardhi. Mpangilio huo ni kama reli iliyopo Kilosa: tawi linaloachana na Reli ya Kati na kushuka kupitia Mikumi hadi Kidatu. Treni ya Kidatu haiwezi kupotea njia, kwa kuwa njia ni moja tu. Lakini njia hiyo moja ikiharibika, hakuna pa kupita. Vivyo hivyo, panya akiguguna waya wa Ardhi, au kibarua akiukata kwa jembe akichimba mtaro, jengo zima la Ardhi limetengwa hata kama mkongo uko salama.

Dawa inayokuja akilini upesi ni kuongeza waya mwingine. Utandazwe kutoka Fedha hadi Ardhi, ili majengo matatu yafanye pembetatu. Ukikatika mmoja, taarifa zizunguke upande wa pili. Dawa hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba ikitekelezwa bila maandalizi, ofisi itakosa mtandao siku hiyohiyo, na itaukosa katika majengo yote matatu.

Sababu imo katika tabia ya swichi. Swichi hupokea ujumbe na kutazama anwani iliyoandikwa juu yake. Ikiwa inajua kompyuta husika iko upande gani, hupeleka ujumbe kwenye tundu hilo peke yake. Ikiwa haijui, au ikiwa ujumbe ni wa watu wote, huunakili na kuutoa kwenye kila tundu isipokuwa lile ulikoingilia. Hufanya kazi kama mpiga mbiu wa kijijini ambaye hachagui mlango. Na mbiu za namna hiyo ni nyingi mno. Kompyuta ikiwashwa tu, huuliza ni nani anayegawa anwani. Ikitaka kuchapa barua, huuliza mashine ya kuchapia iko wapi.

Sasa mbiu moja iingie kwenye pembetatu. Utawala inaipeleka Fedha na Ardhi. Fedha, isiyojua kuwa Ardhi imekwisha kuipata, inaipeleka Ardhi, na Ardhi nayo inaipeleka Fedha. Zote mbili zinairudisha Utawala, na Utawala inaziona kuwa ni mbiu mpya mbili, inazitoa tena. Nakala mbili zimeanza kuzunguka, moja kwa mkono wa kulia na moja kwa mkono wa kushoto, na hakuna cha kuzisimamisha. Taarifa zinazosafiri katika intaneti pana zina hesabu inayopungua kila zinapovuka kituo, na hesabu ikifika sifuri hutupwa. Ujumbe unaopita kati ya swichi na swichi hauna hesabu ya namna hiyo. Utazunguka mpaka mtu achomoe waya.

Mbiu inayofuata inaongeza nakala mbili nyingine. Ya tatu, mbili nyingine. Kila mzunguko huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, na katika kila mzunguko kila kompyuta iliyounganishwa hupigiwa kelele zilezile. Kwa muda mfupi nyaya zimejaa mbiu tupu, na ombi la kumbukumbu namba halipati nafasi ya kupenya. Zaidi ya hayo, swichi huchanganyikiwa, kwa kuwa huiona kompyuta moja ikitokea mara upande huu, mara upande ule. Mafundi huita hali hiyo tufani. Dalili yake huonekana kwa macho: taa za swichi zote huacha kumweka kwa zamu, zikawa zinawaka pamoja kwa kasi bila kupumzika. Mtu asiyejua hudhani mtandao unafanya kazi kwa bidii.

Kwa hiyo ofisi hukabiliwa na mambo mawili yanayopingana. Bila mzunguko hakuna njia ya akiba. Penye mzunguko kuna tufani. Aliyelipatia ufumbuzi jambo hili ni Radia Perlman, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, mwaka 1985. Fikra yake ilikuwa kuziacha nyaya zote mahali pake, kisha kuzifanya swichi zenyewe zikubaliane ni nyaya zipi zitumike na zipi zilale. Zile zinazotumika hufanya umbo la mti: shina moja, matawi, na hakuna tawi linalorudi kugusa tawi jingine. Utaratibu huo, unaoandikwa STP kwenye vifaa, unaweza kuitwa kwa Kiswahili itifaki ya mti. Perlman aliutungia hata shairi fupi la kuueleza, jambo ambalo si la kawaida katika nyaraka za mafundi.

Makubaliano huanza kwa uchaguzi. Kila swichi ina namba yake, yenye sehemu mbili: cheo kinachoweza kubadilishwa na mtaalamu, na anwani iliyochapwa kiwandani isiyofanana na ya swichi nyingine. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye shina. Vifaa vikitoka dukani huwa na cheo kimoja, 32768, hivyo anayeamua mshindi ni anwani ya kiwandani. Hapo pana mtego. Kwa vifaa vya kiwanda kimoja, vya zamani mara nyingi ndivyo vyenye anwani ndogo, kwa hiyo swichi kongwe kuliko zote, pengine iliyosahaulika kwenye kona ya stoo, inaweza kuchaguliwa kuwa shina la ofisi nzima na kubeba mzigo usioiweza. Penye wazee haliharibiki neno, lakini methali hiyo haikuwakusudia wazee wa aina hii. Mtaalamu wa TEHAMA anayejua kazi yake haachi uchaguzi ujiendee. Huipa swichi anayoitaka cheo kidogo, mathalani 4096, na kuipa ya pili yake 8192, ili ya kwanza ikizimika ijulikane mrithi ni nani.

Shina likipatikana, kila swichi iliyobaki huhesabu gharama ya kulifikia. Gharama hiyo haihusu fedha. Ni kipimo cha wepesi wa waya. Katika jedwali la awali lililotumika kwa muda mrefu, waya wa megabiti 100 kwa sekunde hugharimu 19, wa gigabiti 1 hugharimu 4, na wa gigabiti 10 hugharimu 2. Waya mwepesi zaidi una gharama ndogo zaidi. Katika ofisi ya mfano, ikiwa Utawala ndiyo shina na nyaya zote ni za gigabiti 1, Ardhi italiona shina kwa gharama ya 4 ikienda moja kwa moja, na kwa 8 ikipitia Fedha. Itachagua 4. Fedha nayo itachagua njia yake ya moja kwa moja. Waya wa Fedha–Ardhi unabaki hauna kazi, na tundu la upande mmoja linafungwa.

Neno kufungwa lisieleweke vibaya. Tundu lililofungwa halipitishi taarifa za watumiaji, ila linasikiliza. Kila baada ya sekunde 2 swichi ya shina hutoa ujumbe mfupi wa kujitambulisha, na swichi nyingine huupokezana. Maadamu ujumbe huo unasikika, tundu la akiba linakaa kimya. Waya wa Utawala–Ardhi ukikatika, Ardhi inakosa kusikia shina upande ule, inagundua kuwa bado shina linafikika kupitia Fedha, na njia iliyolala inafunguliwa. Hakuna mtu aliyeitwa wala ngazi iliyopandwa.

Katika toleo la kwanza la itifaki hii, ufunguzi huo haukuwa wa papo hapo. Swichi iliweza kungoja hadi sekunde 20 kabla ya kukubali kuwa habari za zamani zimekufa, kisha sekunde 15 za kusikiliza na 15 nyingine za kujifunza anwani, jumla 50. Kwa mhandisi ni muda mdogo. Kwa mtu aliyesimama dirishani huku mfumo ukimtoa mtumishi na kumtaka aingie upya, ni mrefu. Toleo la kasi lililotolewa mwaka 2001 limepunguza muda huo kuwa sekunde chache, mara nyingi chini ya moja. Swichi nyingi zinazouzwa leo kwa matumizi ya ofisi zinalo, ila ni lazima mtu ahakikishe limewashwa.

Madhara ya kulipuuza jambo hili yalionekana mjini Boston, Marekani, katika hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess. Mnamo Novemba 13, 2002, mtandao wa hospitali hiyo ulianza kwenda polepole, kisha ukasimama. Ulikuwa umekua mwaka hadi mwaka kwa kuunganishwa kipande kwa kipande, hadi baadhi ya matawi yakawa mbali na shina kupita swichi 7, ambao ni ukomo uliopendekezwa kwa itifaki ya mti. Mzigo mkubwa wa taarifa ulipoingia, swichi zikakosa kusikia jumbe za shina kwa wakati, zikadhani njia zimekatika, zikafungua zile za akiba. Mzunguko ukazaliwa. Kwa takriban siku 4 hospitali iliyokuwa ikisifiwa kwa matumizi ya kompyuta ilirudi kwenye karatasi: maagizo ya dawa yaliandikwa kwa mkono, na majibu ya maabara yalibebwa na watu wakikimbia kwenye korido. Kwa saa kadhaa magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. John Halamka, aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa hospitali hiyo, hakulificha jambo hilo. Alilisimulia hadharani ili wengine wajifunze.

Msomaji anayeijua Hospitali ya Berega, ambayo ndiyo kimbilio la vijiji vingi vya upande huu, ataona mara moja kwa nini kisa cha Boston kinafaa kusimuliwa hapa. Hospitali, zahanati au ofisi ya kata inapohamia kwenye kompyuta, fomu za karatasi zisitupwe zote. Boston iliokolewa na wauguzi wakongwe waliokumbuka namna ya kufanya kazi bila kompyuta, huku vijana wengi wakiwa hawajawahi kuiona fomu ya karatasi.

Lipo jambo jingine ambalo itifaki ya mti haiwezi kulitatua, na wakazi wa wilaya hii hawahitaji kufundishwa. Januari 2014, mafuriko yaliyoikumba Magole na Dumila yaliharibu daraja kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Miaka minne kabla ya hapo, mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilifurisha mto Mkondoa na kuing'oa Reli ya Kati upande wa juu wa Kilosa, treni zikashindwa kupita kwa miezi. Mwenye njia mbili zinazovuka bonde moja hana njia mbili mvua ikinyesha.

Hata mawasiliano ya bahari yamepata funzo hilo. Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani baada ya nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, kukatika kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Zilikuwa nyaya za wamiliki tofauti na kwenye karatasi zilihesabiwa kuwa njia mbili. Kwa siku kadhaa taarifa zilisukumwa kupitia nyaya nyingine, na huduma zilikwenda kwa kusuasua.

Ofisini kosa hilohilo hufanyika kwa kipimo kidogo. Fundi hupitisha waya wa akiba katika bomba lilelile la waya wa kwanza, kwa kuwa bomba lipo tayari na kuchimba jipya ni gharama. Jembe likipita, linazikata zote mbili. Au swichi zote tatu huchomekwa kwenye soketi moja ya umeme. Anayekagua kazi ya namna hii hahitaji stashahada ya kompyuta. Atembee tu kati ya majengo na kuuliza waya wa pili umepita wapi.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, haitoki kwenye mvua wala jembe. Hutoka kwa mtu mwenye nia njema. Meza zinahamishwa, waya unabaki ukining'inia, na mtu anayependa usafi anauchomeka kwenye tundu la ukutani lililo wazi, bila kujua kuwa ncha ya pili imekwisha kuchomekwa kwenye tundu la jirani. Mzunguko umekamilika. Au mtumishi anaongeza kiswichi cha bei nafuu chini ya meza ili apate matundu zaidi. Viswichi vingi vya aina hiyo haviijui itifaki ya mti kabisa.

Kwa ajili hiyo swichi nzuri huwekewa kinga. Matundu ya kompyuta za watumishi hutambulishwa kuwa ni ya mwisho wa njia. Kompyuta ikichomekwa hapo hupata mtandao mara moja bila kungoja sekunde 30, lakini ujumbe wa swichi nyingine ukisikika kwenye tundu hilo, tundu hujifunga lenyewe mpaka mtaalamu alifungue. Mtumishi mmoja atalalamika kuwa tundu lake limekufa. Jengo lililobaki litaendelea na kazi.

Kwa mwananchi, yapo mambo machache ya kushika. Akiambiwa mtandao uko chini, ana haki ya kuuliza kwa adabu ni lipi kati ya yale matatu, kwa kuwa jibu humsaidia kuamua kama angoje kivuli cha mwembe au apande gari arudi. Kumbukumbu namba ikishatolewa, malipo hayalitegemei tena dirisha. Hufanyika kwa simu, kwa wakala au benki, hivyo ni busara kuiomba namba mapema mtandao ukiwa mzima. Na kwa wajumbe wa kamati za shule na zahanati ambako kompyuta zimeanza kufika: waya ulioachwa ukining'inia usichomekwe popote na mtu asiyejua ncha yake ya pili iko wapi.

Kuhusu kujua kama njia ya akiba inafanya kazi kweli, karatasi ya mkandarasi haitoshi. Jaribio lake hufanywa baada ya saa za kazi, watu wawili wakiwa na simu. Mmoja hukaa Ardhi mbele ya kompyuta yenye mfumo uliofunguliwa. Mwingine husimama Utawala na kuchomoa waya wa Ardhi. Huhesabu sekunde. Mfumo ukiendelea kujibu, waya hurudishwa, na tundu la akiba hujifunga tena lenyewe. Katika baadhi ya swichi taa yake hugeuka rangi ya chungwa na kubaki hivyo. Mfumo ukiganda, waya hurudishwa vilevile, na siku inayofuata mkandarasi huitwa kabla malipo yake ya mwisho hayajaidhinishwa.